Nguchiro na Nyimbo za Mwizi wa Asali

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakifagia nyua na kufuga nyuki, palikuwa na mwizi wa asali. Hakuna aliyewahi kumwona, lakini kila kijiji kilikuwa na wimbo wake. Nyati waliuimba kwa ngoma, Punda kwa zeze. Waliibiwa, kisha wakacheza. Ndivyo walivyokuwa, na mimi siwalaumu.

Siku moja Jumbe Kiboko alimkamata Nguchiro, mdogo, mwembamba, asali imemganda masharubuni.

"Mwizi ni wewe," alisema Kiboko. "Leo nakutupa kwa mamba."

Na mwizi alikuwa Nguchiro kweli. Akajifuta masharubu.

"Jumbe wangu, hii asali nimelamba kwa shangazi. Waulize waimbaji. Wao ndio wanaomjua mwizi."

Waimbaji wakaitwa uani kwa Jumbe. Nyati akapiga ngoma, ti, ti, ti! "Mwizi ni mrefu kama mlango, ana pembe nne."

"Hizo pembe zimetoka wapi?" Punda akauliza, akikwaruza zeze lake. "Mwizi ni mnene, ana jicho moja. Sisi ndio tulioanza kumwimba."

"Mlituiga, tena mkaharibu."

Wakaanza kusukumana. Kiboko akamtazama Nguchiro: pembe hana, macho yote mawili yapo.

"Mwacheni aende zake," akasema kwa uchovu.

Nguchiro akashika njia. Alipofika kwenye lango la ua, Bi Chura alikuwa akimbembeleza mwanawe kwa wimbo wake mwenyewe: mwizi kaumwa na nyuki matakoni, kalia akimwita mama, kaangusha mtungi, katimua mbio.

Nguchiro akasimama. Alijikaza, akashindwa.

"Samahani, Bi Chura. Mtungi sikuuangusha. Niliufikisha nyumbani umejaa."

Ua mzima ukamgeukia. Kiboko akainuka. "Haya, mamba wanangoja."

Hapo Nyati na Punda wakaachiana, wakapiga magoti pamoja. "Jumbe, tunakusihi. Huyu akifa, tutamwimba kwa kilio tu."

Kiboko alifikiri sana. Yeye naye alikuwa na wimbo wa mwizi, aliuimba akioga, na aliupenda. Basi akamhukumu Nguchiro kulinda mizinga miaka saba, na kila jioni kumsikiliza Bi Chura akiimba mpaka mwisho, bila kufungua mdomo.

"Jumbe," Nguchiro akasema kwa sauti ndogo, "hao mamba wako mbali?"

Funzo ni hili, wanangu: anayependa mno kusifiwa hujitaja mwenyewe.