Sungura Aliyetafuta Pumziko

Sogeeni, na mwenye kusinzia asinzie kimya. Zamani, wanyama wakiwa bado na adabu ya kusalimiana kabla ya kulana, mvua iliusahau mto Ndururu misimu miwili. Mto ukawa mchanga, mchanga ukawa vumbi, na vumbi likamwingia Simba puani. Hapo ndipo ukame ulipotambuliwa.

Simba akaita baraza. "Mtachimba kisima katikati ya mto," alisema. "Mimi nitakuwa hapa, juu ya kichuguu."

"Utakuwa unapumzika, mtukufu?" Fisi aliuliza.

"Mfalme hapumziki. Mfalme amekaa."

Basi wakachimba. Jembe lilikuwa moja, na desturi yao ilikuwa kwamba jembe la kisima halilazwi chini mpaka maji yabubujike. Unachimba hadi kivuli cha kijiti kifike kwenye jiwe, kisha unampa jirani yako jembe mkononi. Jirani asipokuwepo, jembe linabaki kwako na zamu yake unaibeba wewe.

Jirani wa Mama Ngiri katika zamu alikuwa Sungura. Mikosi haipigi hodi.

Mama Ngiri alikuwa na watoto watatu na maziwa ya mtoto mmoja. Shimo lilikuwa linatoa kibuyu kimoja cha maji ya tope kwa siku, nacho kilikuwa cha watoto na wenye udhuru. Wachimbaji walilamba mchanga wenye unyevu wakasema alhamdulillahi.

Wenye udhuru walijulikana tangu enzi za mababu. Mgeni akifika huambiwa, "Karibu, pumzika." Mgonjwa huambiwa apumzike. Aliyejifungua hupumzishwa, mfiwa hupumzishwa, hata shamba lililochoka huachwa lipumzike. Ni neno la adabu hilo, na Mama Ngiri alilijua vizuri kwa kuwaambia wenziwe. Yeye kuambiwa, hakumbuki.

Siku ya kwanza kivuli kilipofika kwenye jiwe, Mama Ngiri alinyoosha jembe. Sungura alikuwa amesimama ng'ambo, na mkeka kwapani.

"Hodi wenyeji!" aliita. "Natoka safari ya mbali."

"Jana ulilala wapi?" Mama Ngiri aliuliza.

"Kwangu. Leo asubuhi nimehamia ng'ambo, sasa ndiyo nafika. Kobe, wewe ndiye mtunza desturi. Mgeni anaambiwaje?"

Kobe alifikiri muda mrefu, kama kawaida yake. Desturi haikusema mgeni atoke umbali gani. "Anaambiwa apumzike siku mbili," alisema.

Sungura akatandika mkeka, akapewa maji. Mama Ngiri akachimba zamu mbili.

Siku ya tatu Sungura alikuja na majani yamefungwa kichwani. Homa. Akapumzishwa siku mbili, maji akapewa. Siku ya tano akaja mbio huku akicheka: mkewe amejifungua.

"Amejifungua yeye," Mama Ngiri alisema. "Wewe unaumwa wapi?"

"Nani alimshika mkono, shemeji? Mkono huu huu. Hata kushika kikombe siwezi."

Lakini kikombe alikishika.

Siku ya saba alikuja akilia kwa kwikwi. Mama mkwe wake amefariki.

"Mama mkwe wako alikufa mwaka wa nzige!" Mama Ngiri alisema. "Mimi mwenyewe nilipika kwenye matanga."

"Ahsante kwa kumkumbuka. Na mimi nimemkumbuka leo."

Siku mbili nyingine. Kufikia hapo mtoto mdogo wa Mama Ngiri alikuwa hanyonyi tena. Alikuwa anaweka mdomo kwenye titi na kuuacha pale, kama aliyekwenda dukani akakuta pamefungwa. Mama yake alimtazama, akarudi shimoni. Kulia kunahitaji maji.

Jioni ya siku ya nane Kobe alimwita Sungura mbele ya wote. "Umekuwa mgeni, mgonjwa, mzazi na mfiwa. Mlango mwingine desturi haina. Kesho utashika jembe. Usiposhika, maji huyapati."

"Nimekusikia, babu," Sungura alisema kwa upole. Sungura mpole ni wa kuogopwa.

Asubuhi kilio kilisikika ng'ambo, wanyama wakavuka mbio. Mke wa Sungura alikuwa amejitupa chini mbele ya mkeka, na juu ya mkeka alikuwa Sungura, amenyooka kama kuni.

"Amepumzika!" mke aliomboleza. "Mume wangu kazi zimemuua! Amepumzika!"

"Nani kamruhusu?" Simba aliuliza kutoka kwenye kichuguu. "Mimi sikuulizwa."

Wote walikuwa wanatazama kibuyu. Desturi ilikuwa wazi: maiti huoshwa, maji ya siku hiyo ni yake yote, na wa kumwosha ni mkewe, nyuma ya pazia la mkeka. Mke alikuwa tayari ameshika pazia. Alikuwa ameshika na vikombe viwili.

Kobe akaleta kibuyu polepole. Mama Ngiri alisimama upande wa kichwa cha maiti akiwafikiria wanawe, ambao leo hawatapata hata tone. Kibuyu kilipopita karibu, pua ya Sungura ilitikisika. Mara moja, mara mbili, kama jani linalotambaliwa na sisimizi.

Mwingine angepiga kelele. Mama Ngiri aliona kwamba akipiga kelele Sungura atasema amefufuka, na mfu aliyefufuka atahitaji kupumzika kuliko wote. Akafikiri kwanza. Kisha akakohoa.

"Babu Kobe, maiti huoshwa jua likiwa wapi?"

"Jua likishapinda," Kobe alisema. "Ni kweli. Tungeharakisha tungekosea."

"Na mpaka hapo, maiti huachwa peke yake?"

"Astaghfirullah! Lazima awe na mtu wa kumlinda."

"Mkewe hawezi, amechoka kwa kilio. Naomba akalinde Bwana Fisi. Kazi zote za kijiji tunazigawana, na hii hajawahi kupewa."

Wanyama walitazamana. Ilikuwa kweli kabisa kwamba hajawahi kupewa. Fisi machozi yalimlengalenga. "Mimi?" alisema. "Mmeniamini mimi? Jamani! Sitamwachia mtu mwingine hata kidogo cha kumlinda."

Wakarudi shimoni na kibuyu chao. Mke wa Sungura alivutwa mkono na akina mama, akawa anageuka nyuma kila hatua mbili, na safari hii kilio chake kilikuwa cha kweli.

Mama Ngiri alishika jembe. Hakuwa amepiga mara kumi sauti ya Fisi ikasikika kutoka ng'ambo, ya upole, ya mlezi.

"Pole ndugu yangu. Umekonda, lakini mapaja bado yapo. Desturi inasema nikulinde wewe. Haijasema nikulinde mzima. Sikio moja, nani atauliza? Nitasema ulizaliwa hivyo."

Mara vumbi likatimka, na ndani ya vumbi mlikuwa na Sungura, masikio yamelala mgongoni, akipiga yowe:

"Jembe! Nipeni jembe! Ni zamu yangu!"

Alirukia shimoni, akampokonya Mama Ngiri jembe, akaanza kuchimba hata mchanga ukaruka mpaka kwenye kichuguu.

"Huyu si amekufa?" Simba aliuliza, akijipangusa.

"Amekufa, mtukufu," Mama Ngiri alisema. "Sasa anachimba."

Fisi alifika akihema, akaketi ukingoni mwa shimo. Walipomwambia aondoke alikataa. "Maiti nilikabidhiwa mbele ya mashahidi," alisema. "Hajarudishwa mikononi mwa mtu. Nitamlinda hapa hapa."

Sungura alichimba zamu yake, akaanza kulipa na zamu zote alizokuwa anadaiwa. Kila alipoegemea mpini kuvuta pumzi, Fisi alisimama akajinyoosha.

"Umechoka, ndugu yangu? Pumzika. Lala hapo. Pumzika kabisa."

"Sijachoka!" Sungura alijibu, na jembe likashuka tena.

Jua lilipopinda, jembe lilizama hadi kwenye mpini na maji yakabubujika mpaka kifuani kwa Sungura. Walikunywa wote. Simba alikunywa wa kwanza akasema kazi hiyo imemchosha. Sungura alikunywa akiwa amesimama, jicho moja kwa Fisi, na tangu siku hiyo hadi leo hulala macho wazi.

Mama Ngiri alikunywa, akalala ubavu chini ya kichaka cha mkambala. Mdogo alihangaika kidogo, kisha akashika titi na koo lake likaanza kwenda juu na chini. Kobe alipita na kibuyu kitupu, akasimama.

"Pumzika, mama," alisema.

Mama Ngiri alikuwa amekwisha kulala.

Hadithi yangu imekata kamba hapo, naye mwenye kuifunga fundo jingine ni shauri lake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.