Chumvi ya Bonde la Mtemi Kifaru

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma, mmeitika au mmesinzia? Paukwa tena!

Pakawa!

Zamani hizo, wanyama wakiwa bado na serikali yao, palikuwa na bonde lenye mto wa mchanga. Masika maji yalipita juu. Kiangazi yalijificha chini. Kwa hiyo kiangazi kilipokaribia, baragumu lililia: Puuu! Puuu! Msaragambo! Kila mnyama mtoni, kila mnyama achimbe visima. Mwenye kwato kwa kwato, mwenye pua kwa pua. Hata Mtemi Kifaru alichimba kwa pembe yake. Akizembea, wanyama walimpigia kelele: "Mtemi, umelala?" Naye alijibu haraka, "Nipo, ndugu zangu, nipo!" Kwa nini asijibu? Wangegoma, naye angekufa kiu.

Mama Ngiri alichimba kuliko wengi, maana pua yake ilikuwa pana na watoto wake walikuwa wengi. Jioni mgongo ulimuuma. Lakini watoto walikunywa, basi.

Siku moja ukingo wa kilima ukaanguka. Poromoko! Vumbi lilipotulia, wakaona ukuta mweupe. Wakalamba. Chumvi! Chumvi tupu!

Habari zikavuka vilima. Nyati wa ng'ambo, ambao kwao chumvi hawaijui, wakaja. Wakalamba, wakalipa majani matamu, mizigo kwa mizigo. Ghala la Mtemi likafura. Mtemi akapanda kichuguu akatangaza, "Chumvi itatulisha! Kuanzia leo, msaragambo umefutwa!"

Vigelegele! Mama Ngiri naye akapiga. Akaenda akalala mchana kweupe. Nani angekataa kupumzika?

Na yale majani? Kila nyumba ikapata kitita kimoja. Yaliyobaki wakalipwa mchwa, wamjengee Mtemi ukumbi. Ukumbi ukaisha. Ukajengwa wa pili, wa kusherehekea ule wa kwanza. Bweha, waziri wake, majani hali, lakini aliyalalia, godoro juu ya godoro.

Visima je? Mchanga ukaingia, taratibu, taratibu, ukavifukia.

Mama Ngiri akaenda ukumbini na shoga yake, Bi Kanga. "Mheshimiwa Waziri, visima vimefukiwa."

Bweha hakuinuka. "Wewe nani? Umechangia nini mwaka huu?"

"Si nyie mliotukataza kuchangia?"

"Basi. Bonde linaendeshwa na chumvi, haliendeshwi na pua yako. Nenda nyumbani, mama. Mtaitwa."

"Tutaitwa, ndiyo," akanong'ona Bi Kanga, "kwenye matanga yetu wenyewe."

Njiani Mama Ngiri akawaza. Zamani nikipiga kelele Mtemi alinisikia, maana alihitaji pua yangu. Sasa haihitaji. Basi na mdomo wangu pia hauhitaji.

Kiangazi kikaja. Jua kali, kali, kali! Likabaki dimbwi moja, maji ya kijani, yananuka. Kitindamimba wa Mama Ngiri, Sikitu, akayanywa. Tumbo likamwendesha. Likamwendesha mpaka macho yakazama, na kusimama hawezi.

"Mama, maji."

"Yanakuja, mwanangu."

Yanakuja kutoka wapi? Mama Ngiri akashuka mtoni peke yake. Akachimba. Paru! Paru! Paru! Mchanga ukarudi shimoni. Akachimba tena. Ukarudi tena. Akawaita majirani. "Subiri kidogo," wakasema. "Mtemi ana chumvi, atafanya kitu."

Hapo nyati wakafika kununua. Wakalamba kidogo tu, koo zikakauka. "Maji yako wapi?"

"Hakuna."

Kiongozi wao akatikisa kichwa. "Tukilamba hii bila kunywa, tutafia njiani. Jamani, turudi kwetu." Wakageuka.

Mama Ngiri akakimbia, akasimama mbele yao. Mdogo, mchafu, mchanga umejaa puani.

"Kaka zangu, chumvi mnaitaka, hamuitaki?"

"Tunaitaka, dada, lakini..."

"Majani bakini nayo. Safari hii lipeni kwa kwato. Chimbeni nasi, mnywe, ndipo mlambe."

Bweha akaja mbio. "Wee! Malipo ni ya Mtemi! Toka hapo!"

Mama Ngiri hakumtazama. Alimtazama Mtemi, aliyesimama mlangoni mwa ukumbi wa pili. "Mtemi! Umekunywa maji leo?"

Mtemi akatazama pembeni.

"Nakuuliza kwa heshima. Umekunywa?"

Kifaru akalamba midomo, mikavu kama gome la mti. "Tangu jana sijanywa."

"Kumbe hata ukumbini kuna kiu!" akapaza sauti Bi Kanga. Wanyama wakacheka, kicheko kikavu. Mtemi akatazama ghala lake. Limejaa. Lakini majani hayanyweki. Akainamisha kichwa, akashuka mtoni.

Majirani walipoiona pembe ya Mtemi mchangani, wakamfuata. Nyati nao wakaingia. Wakaimba:

Chimba, tuchimbe, mchanga utoke!
Chimba, tuchimbe, maji yatoke!

Kwato tifu! tifu! tifu! Mchanga mkavu ukaisha. Ukaja wenye unyevu. Halafu chururu! Maji! Safi, baridi.

Mama Ngiri akajaza mdomo, akakimbia, akammiminia Sikitu. Akarudi, akajaza, akakimbia, akammiminia. Akarudi tena, na tena. Jua lilipopoa, Sikitu akafumbua macho. Akapiga chafya. Akasema, "Mama, maji haya yana mate."

Mama Ngiri akacheka mpaka akakaa chini. Akashusha pumzi, ndefu, ndefu sana. Mtoto anayelalamika ni mzima.

Wanyama hawakutoka mtoni mpaka Mtemi alipoapa. Chumvi isitoke bondeni kabla visima havijazibuliwa. Ukumbi wa tatu usijengwe, na ule wa pili wapewe watoto wagonjwa, wapate kivuli. Na msaragambo urudi.

"Hata chumvi ikijaa?" akauliza Bweha, naye keshapewa kisima chake cha kuchimba.

"Hata ikijaa," akasema Mama Ngiri. "Tunataka Mtemi aendelee kutuhitaji."

Funzo lake ni hili: mali ya ardhini ikipatikana, ianzie kwenye maji na afya ya watoto, kumbi zije baadaye. Nanyi wananchi msiache kuchangia wala kuuliza, maana kiongozi asiyehitaji chochote kwenu hatawasikia.

Hapa ndipo hadithi yangu inapotua mzigo wake. Aliyeipenda, aibebe.