Kwa Nini Kiini Hupiga Hodi Tatu

Kila mwaka wakija wageni katika mkutano wetu hapakosi mmoja wa kuninyooshea mkono na kuniuliza kwa nini kompyuta zetu zikiwashwa huandika Hodi, kisha Hodi, kisha Hodi, na kwa nini tusizifute tukaokoa muda. Mwaka huu mmenizidi. Mmoja wenu ameshaleta na kiraka cha kuzifuta kabla hata hajanywa chai! Haya, ketini. Na wewe mwenye kiraka sogea mbele, siumi.

Zilikuwepo zama ambapo kompyuta hazikuwa na adabu za mlangoni. Kiini cha wakati huo kilikuwa king'ang'anizi. Nikisema kiini, kwa faida ya mliokuja kufuata pilau, nasema ile programu inayokaa chini ya programu zote, inayoamsha kibodi, kioo, spika na printa na kuhakikisha kila kimoja kinapata zamu yake. Chetu ni huria, hakina bwana. Yeyote anaruhusiwa kukifungua, kukisoma, kushona palipochanika na kurudisha kiraka chake, yaani ile mistari aliyoirekebisha, ili wote wafaidi. Sisi watunzaji kazi yetu ni kusoma viraka vya watu na kubishana.

Basi kiini hicho kikiamka kilikwenda kwa kila kifaa, kikaita, kikasimama hapohapo mpaka kijibiwe. Kifaa kikiwa kizima, heri. Kikiwa kimeharibika, au panya kala waya, kiini kilisimama tu na vifaa vyote vya nyuma vikangoja. Watu waliwasha kompyuta wakaenda kufua. Wanarudi, wanaanika, kiini bado kiko mlangoni kwa printa iliyokufa mwaka juzi. Mimi nilikuwa mtunzaji tayari, na matusi niliyokuwa nikiyapokea siwezi kuyarudia mbele ya watoto wa watu.

Ndipo akatokea Shebughe, Msambaa wa Lushoto, mtu mwenye akili kali na haraka iliyopita kiasi. Huyo hata wali alikuwa akila amesimama. Akaandika kiraka kifupi kizuri: kiini kiite mara moja, kisipojibiwa papo hapo kiamini kwamba kifaa hicho kimekufa, kiendelee na safari. Tukakisoma kiraka hadharani kama ilivyo desturi yetu, tukakijaribu kwenye mashine zote tulizokuwa nazo, na zote zilikuwa changa. Zote ziliitika upesi, tukakipokea.

Jamani, tulifurahi! Kompyuta zikawa zinaamka kabla hujavuta kiti. Bi Mize wa Unguja, mtunzaji mwenzetu, alipiga vigelegele kwenye simu mpaka mumewe akaja mbio kuuliza nani kaolewa. Shebughe alitembea mabega juu muda mrefu, na hatukumlaumu.

Kisha ukaja ujumbe kutoka Newala, kwa mwanamke aitwaye Mwalimu Somoe. Yeye haoni, na alikuwa akifundisha watoto wasioona. Shule yao ilikuwa na mashine ya kuchapa nukta nundu, ile inayogonga karatasi ikatoa vinundu vya kusomwa kwa vidole. Ilikuwa mashine ya zamani, nzito, ya kupewa. Tangu walipoweka kiini kipya, kompyuta ilikuwa inaamka kama umeme na kutangaza kwamba mashine ile haipo. Na kurudi kwenye kiini cha zamani hawakuweza, kwa sababu programu inayowasomea kioo kwa sauti ilikuwa imeshahamia kwenye kipya.

Sasa sikilizeni palipouma. Watoto wale walikuwa wametunga hadithi zao wenyewe, na Mwalimu alikuwa amewaahidi kwamba siku ya wazazi kila mmoja atasimama na kusoma yake kwa vidole vyake. Kulikuwa na mzee mmoja, Mzee Chilonga, aliyekuwa ameshasema wazi kwamba siku hiyo atakuja na begi amchukue bintiye Zaituna arudi nyumbani. "Mtoto haoni," alikuwa akisema, "anakaa huko asome nini?" Mwalimu Somoe hakuwa na jibu lingine la kumpa mzee huyo isipokuwa Zaituna mwenyewe, na karatasi yenye nukta mkononi mwake. Na siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi ileile.

Shebughe alijibu kama alivyokuwa akijibu kila kitu, mbiombio. Akaandika kwamba kiini kimeita, mashine haikuitika, kwa hiyo mashine imekufa na poleni sana. Mwalimu Somoe akamwandikia kwa upole, "Haijafa, mwanangu. Mimi naisikia ikikohoa kila nikiwasha." Watunzaji wengine wakadakia. Hawa wanasema turudishe kungoja kwa zamani, wale wanasema haiwezekani dunia nzima isimame kwa ajili ya mashine moja kongwe. Wakabishana mpaka wakaanza kutajiana makabila, na mimi nikakasirika.

Tuna desturi moja ambayo nyie wageni mtaijua mapema kuliko mnavyodhani: aliyevunja kitu cha mtu ndiye anayekwenda kukitengeneza. Hatutumi salamu. Nikamwambia Shebughe afunge mzigo, na kwa kuwa nilijua akiachwa peke yake atafika, atachungulia na kugeuza, nikapanda naye basi. Njia nzima alilalamika kwamba dereva anaendesha kama anabeba mayai.

Tulifika Newala asubuhi ya Alhamisi, baridi ya kule juu inatusalimia. Wakatuelekeza nyumba ya Mwalimu, mle mle shuleni. Shebughe akatangulia mlangoni na kuita, "Hodi!" Kimya. Sikuwa hata nimetua mkoba wangu chini, yeye huyo ameshageuka. "Hayupo, Bi Sikudhani. Twende zetu ofisini tukatazame mashine." Nami miguu inaniuma, sikuwa na nguvu ya kubishana, nikamfuata.

Hatujafika mbali tukasikia sauti nyuma yetu. "Nani huyo anayepiga hodi moja kama anakimbizwa?"

Ni Mwalimu Somoe, kasimama kizingitini, mikono imejaa unga wa muhogo, kanga kaifunga upande. Tukarudi tumeinamisha vichwa. Nikamwamkia, nikamtaja Shebughe, na Shebughe akaanza kujitetea kwamba ameita na hakusikia kitu.

"Mwanangu, kwenu hamna wakubwa?" Mwalimu akamwuliza, na nyie, alikuwa akicheka. "Hodi ni tatu. Ya kwanza ndiyo nasikia kuna mtu. Ya pili natafuta kanga. Ya tatu ndiyo nafika mlangoni. Wewe umepiga moja ukaniandika nimekufa."

Shebughe akatua mzigo wake chini. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, akauliza, "Na mtu akipiga tatu asijibiwe?"

"Anakwenda zake. Huwezi kupiga kambi kwenye mlango wa watu."

Hapo Shebughe akakaa kitako kwenye ngazi ya nyumba ile, akashika kichwa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kuku wakatimka. Mimi nilicheka kwa sababu nililiona alilokuwa akiliona. Kiini cha zamani kilikuwa kinapiga kambi mlangoni, na cha kwake kinapiga moja na kukimbia, na hakuna hata mmoja kati yetu, tuliokuwa tukipigiana hodi tangu utoto, aliyefikiri kukifundisha kiini jambo hilo. Mwalimu akawa anatuuliza kuna nini cha kuchekesha, maana unga wake unaharibika.

Shebughe aliandika kiraka palepale kibarazani, muhogo ukaletwa, akala ameketi. Kiini kiite kifaa, kivute pumzi, kiite tena, kivute pumzi, kiite mara ya tatu, na kama kimya, kiende zake bila ugomvi. Na akiwa bado na hofu ya kurudisha ule ucheleweshaji wa zamani, akaongeza jambo zuri: anayengoja mlangoni angoje peke yake. Wengine waendelee kuamshwa huku nyuma, kibodi, kioo na vinginevyo, pasiwe na anayesimamishwa kwa sababu jirani anatafuta kanga.

Lakini kwetu hakuna anayejipitishia kiraka chake mwenyewe, hata awe nani. Kikatumwa kwa wote wakisome. Watunzaji wa Bukavu wakasema sawa, wa Kisumu wakasema sawa. Bi Mize wa Unguja akakirudisha. Alikuwa ameona kwamba Shebughe, haraka haijamtoka bado, pumzi za katikati kazifanya fupi mno. "Hodi-hodi-hodi za mfululizo si hodi tatu," akaandika, "hizo ni fujo. Mpe mtu nafasi ya kutoka jikoni." Mwalimu Somoe aliposomewa maneno hayo akasema huyo mama wa Unguja anamjua, ingawa hawajaonana. Shebughe akarefusha pumzi, Bi Mize akakubali, kiraka kikaingia.

Ijumaa asubuhi tukajaa darasani. Watoto walikuwa wameketi wamenyamaza, vichwa vimeelekea pembeni, masikio kwenye mashine. Shebughe alikuwa ameandika neno lenyewe litokee kwenye kioo, na ile programu ya sauti ikalisoma. Hodi, ikasema kompyuta. Kimya. Hodi. Ile mashine kongwe ikakohoa. Nilimtazama Shebughe, alikuwa anahesabu pumzi kwa vidole. Hodi, ikasema kompyuta mara ya mwisho, na nikaona pale tumekwisha, tumesafiri bure, Zaituna anakwenda nyumbani.

Mashine ikakohoa tena, ikanguruma, ikaitika.

Kelele zilizopigwa humo ndani sizielezi. Watoto walirukia madawati, Shebughe akamkumbatia mtu aliyekuwa karibu naye, kumbe ni mwalimu mkuu. Mashine ikaanza kugonga karatasi, ta-ta-ta-ta, kelele mbaya kabisa, na kila mmoja akaiona tamu. Ilichapa kutwa nzima, watoto wakija kwa zamu kupapasa karatasi zikiwa bado za moto. Zaituna alipopata zake alizikumbatia kifuani na hakutaka mtu azishike.

Jumamosi Mzee Chilonga akaja, na begi lake tupu mkononi kama alivyosema. Akakaa mstari wa nyuma, karibu na mlango. Zaituna akaitwa. Akasimama, akatandaza karatasi juu ya meza, akaweka vidole, akaanza kusoma habari za mbuzi aliyekula kofia ya baba yake na jinsi baba alivyomfukuza mbuzi huyo mpaka msibani, mbele ya waombolezaji. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Hakukwama hata mara moja.

Mzee Chilonga akasimama. Nikasema moyoni, haya tena. "Nani kamwambia aseme hayo?" akauliza.

"Hakuna aliyemwambia, mzee," Mwalimu Somoe akamjibu. "Ameandika mwenyewe, na sasa anasoma mwenyewe. Karatasi iko chini ya mikono yake, njoo ushike."

Yule baba akapita katikati ya watu mpaka mbele. Akaweka kidole chake kinene juu ya nukta, karibu na vidole vya bintiye, akavipapasa vile vinundu asielewe kitu. "Hapa pameandikwa nini?" Zaituna akamsogezea kidole kidogo. "Hapa ni kofia, baba. Hapa ni wewe." Mzee akavua kofia aliyokuwa amevaa, akaitazama, akacheka huku machozi yanamtiririka, akamwambia asome tena tangu mwanzo. Lile begi alilisahau chini ya benchi, na alipoondoka wakati wa chakula Shebughe ndiye aliyelibeba akimkimbilia nalo mpaka barabarani. Mzee akamwambia alirudishe ndani, Zaituna atahitaji pa kuwekea karatasi zake.

Na tangu siku hiyo kiini chetu hupiga hodi tatu kwa kila kifaa, kikivuta pumzi katikati, na kisipojibiwa huenda zake. Ndiyo sababu mashine kongwe zilizokataliwa kwingine huishi kwetu, na ndiyo sababu hatujapata tena mtu wa kuwasha kompyuta akaenda kufua. Tumekishona kiini hiki mara nyingi baadaye, tumekifanya chepesi, tumekifundisha vifaa ambavyo siku zile havijazaliwa, lakini pale mlangoni hapajaguswa.

Kule Newala mashine ile ingali hai. Asubuhi kompyuta ikiwashwa na kusema Hodi, darasa zima huitikia, "Karibu!" Ikisema tena, huitikia tena kwa nguvu zaidi, na ya tatu huipigia kelele mpaka mabati yanalia, ndipo mashine inapokohoa na kuanza kunguruma. Wale wadogo wa darasa la kwanza wanaamini ni wao wanaoiamsha. Nimesoma kila mstari wa kiini kile, kwa macho yangu haya, na sijapata moyo wa kuwaambia kwamba sivyo.