Bi Nakaniwa Arudisha Vilivyopotea

Sogeeni!
— Tumesogea!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Basi yafungueni, ngano iko mlangoni.

Hapo kale, si kale sana maana plastiki ilikwisha kuwapo, palikuwa na kijiji mlimani, jina lake Kwemlonge. Waliokuwapo ni hawa. Alikuwapo Jumbe Shekiondo, bin Kaoneka. Alikuwapo mkewe, Mama Hoza. Alikuwapo Mbelwa, fundi baiskeli. Alikuwapo Zaina Mashombo, muuza maandazi. Na bondeni, peke yake, alikuwapo mjane, Bi Nakaniwa.

Kijito kilitoka Kwemlonge kikashuka hadi kwa Bi Nakaniwa. Watu wa juu walitupa kila kitu humo. Chupa, majini. Malapa, majini. Mifuko, majini. Mfereji wa mjane ukaziba, kabichi zikanyauka, maji ya kunywa yakanuka. Akapanda kulalamika. Akapanda tena. Akapanda tena. Jumbe akamjibu, "Bibi, kikishachukuliwa na maji, sisi hatumo."

Bi Nakaniwa akakaa juu ya jiwe, akayatazama matakataka. Akihama, ataliacha kaburi la mumewe. Asipohama, atakunywa nini? Mara akacheka peke yake.

Alicheka nini? Ngojeni. Watu wa Kwemlonge walikuwa na mila waliyoiringia: anayekurudishia kitu chako kilichopotea, unamchinjia kuku. Tena walikuwa na amri ya Jumbe, imelala tu: anayetupa taka kijitoni, hutoa mbuzi.

Asubuhi akapanda na tairi kuukuu, hadi kwa Mbelwa.

"Hodi, hodi! Nimeleta kilichopotea!"

"Aa, Bibi, tairi hilo mimi nili..."

"Ulifanyaje, mwanangu? Sema kwa sauti, majirani wasikie. Lilipotea, au ulilitupa?"

Mbelwa akamwona mbuzi wake. Akamwona kuku wake. "Lilipotea," akasema.

Kuku akachinjwa. Bi Nakaniwa akala, akalamba vidole.

Siku ya pili, akapanda na karai lililotoboka, hadi kwa Zaina.

"Hodi, hodi! Nimeleta kilichopotea!"

"Bibi we! Karai hilo hata moto halijui tena!"

"Lilipotea, au ulilitupa?"

"Lilipotea, ole wangu, lilipotea!"

Kuku akachinjwa. Safari hii mjane aliomba na pilipili.

Siku ya tatu alijitwika godoro. Godoro gani! Limeloa, linanuka, lina ramani za wajukuu waliolikojolea. Akaenda moja kwa moja kwa Jumbe. Na siku hiyo Jumbe alikuwa na wageni: wakwe, wamekuja kumposa binti yake. Jogoo mmoja tu alibaki uani, naye alikuwa amewekewa wakwe.

"Hodi, hodi! Nimeleta kilichopotea!"

Jumbe akakaza uso. "Si langu."

"Si lako, mwanangu? Basi nalitandika hapa mbele ya wageni, mwenyewe akipita alitambue."

Akalitandika. Wakwe wakaziba pua. Mama Hoza akatoka jikoni mbio. "Jamani, godoro letu! Si hiki hapa kiraka cha khanga yangu? Nilikishona mwenyewe!"

Mnamwona Jumbe?
— Tunamwona!
Anatoka jasho?
— Linamtiririka!

"Jumbe," akasema Bi Nakaniwa taratibu, "lilipotea, au ulilitupa?"

Amri ni yake. Wakwe wanasikiliza. Jumbe akamtazama jogoo. "Lilipotea."

Jogoo akachinjwa. Wakwe wakala maharage, wakimtazama mjane akinyonya paja. Alipomaliza akanawa, akaaga vizuri. "Kesho nitapanda tena. Huko bondeni mmepoteza vingi."

Kabla jua halijazama Kwemlonge nzima ilishika majembe. Wakachimba shimo la taka. Maganda wakayafanya mbolea. Chupa wakaziosha, wakatilia mafuta ya taa. Tairi la Mbelwa likawa kiti. Na Jumbe mwenyewe alishuka na reki, akauzibua mfereji wa mjane, huku Bi Nakaniwa akimwonyesha: "Pale umeruka, mwanangu. Na pale."

Kabichi zikafunga. Maji yakanyweka. Kuku wakazaliana.

Ngano yangu nimeileta mbichi, nimeiivisha, mmeila. Sufuria ni lenu, liosheni, msilitupe.
— Hatulitupi! Na Bi Nakaniwa yuko wapi?
Bi Nakaniwa alikufa mwaka uliofuata, wakati wa mavuno; yuko bondeni kwake, kando ya kaburi la mumewe, na kijito kinapita safi.