Bondia Aliyejipunguza

Bondia mmoja wa Morogoro alikuwa na mwili wa mtu mkubwa, na hakutaka kupigana na wakubwa wenzake. Jina lake Mkude. Mabega yake yalikuwa mapana, mifupa yake mizito, na mgeni akimkuta amesimama mlangoni kwake alimdhania mbeba magunia wa sokoni. Lakini mkanda alioutafuta ulikuwa wa mabondia wepesi, watu waliomfika kidevuni.

Haikuanza hivyo. Katika ujana wake alipanda ulingoni na watu wa uzito wake, akawashinda mmoja baada ya mwingine, mpaka alipokutana na Lwambano wa Iringa. Lwambano alimwangusha mbele ya majirani wa Mkude waliokuja na ngoma kumshangilia. Mkude aliinuka, akavaa shati lake, akaondoka. Tangu siku ile, jina la Lwambano likitajwa, alikatiza mazungumzo. Kocha wake, Dihenga, aliiona hali hiyo akamtafutia njia. Alimshauri ashuke uzito, awafuate wadogo. Huko chini mikono yake mirefu ingewafikia kabla wao hawajamfikia. Mkude hakuuliza mara mbili. Akashuka, akashinda. Akashuka tena, akashinda tena. Watu wakamsifu, na hakuna aliyeuliza mtu mkubwa namna ile anatafuta nini kwa watu wadogo.

Ila mwili haukukubali kubaki kule alikoushusha. Kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo ulivyodai haki yake, na kila pambano lilipokaribia Mkude aligombana nao upya. Aliacha ugali, akaacha uji, mwisho akaacha na maji. Alivaa masweta, juu yake akajifunga nailoni, akakimbia kwenye jua la utosini mpaka jasho likamchuruzika kwenye viatu. Alitafuna ubani mchana kutwa ili mate yatoke, akayatema ndani ya kopo. Akirudi nyumbani hakutulia. Aliketi, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi, akalala chali sakafuni, akainuka tena. Sauti ya maji yakimiminwa kwenye ndoo ilimfanya akunje uso. Jirani akinywa kikombe cha maji barazani, Mkude alilifuata koo lake kwa macho mpaka tone la mwisho.

Mkewe, Mwantumu, alikuwa mtu wa kufunga kila Ramadhani. Aliijua kiu ya mtu anayengoja magharibi, akaona kwamba kiu ya mumewe haikuwa hiyo. Hii haikuwa na magharibi. Alimwona akimfokea mtoto wao Chiku kwa sababu ameacha bilauri mezani. Alimwona akisimama juu ya mizani ya chumbani, akishuka, akitema mate, akipanda tena. Asubuhi ya kupima uzito kwa ajili ya pambano la mkanda, midomo ya Mkude ilikuwa imepasuka na vidole vilikuwa vikishindwa kufunga kamba za viatu. Mwantumu alipiga magoti, akamfungia. Kisha akamtazama akasema, "Baba Chiku, huyo unayekwenda kupigana naye humwogopi. Sasa unamkimbia nani?"

Mkude aliuvuta mlango. Alitoka.

Mpinzani wake alikuwa Pazi, mshona magodoro kutoka Bagamoyo, mtu mfupi, mkimya, aliyekuja na uzito wake aliozaliwa nao. Pazi alipanda mizani, akashuka, akaenda kununua chapati. Mkude alipopanda, alikuwa amezidi kidogo. Dihenga akamnyoa nywele. Bado. Wakamtoa nje akaruka kamba juani, ingawa jasho lilikuwa limegoma kutoka, na waliporudi mshale ukakaa pale ulipotakiwa. Watu wakampigia makofi. Mkude alitabasamu, na tabasamu lile likaupasua mdomo wake ukatoa damu kidogo, nzito, isiyotiririka.

Hapo ndipo walipojidanganya yeye na kocha wake pamoja. Walidhani kilichotoka ni uzito, na uzito ungerudi kwa sahani ya wali na chupa za maji kabla ya pambano, kesho yake jioni. Lakini kilichotoka kilikuwa maji ya damu yake. Moyo ulikuwa ukisukuma kidogo kilichobaki, na kwa sababu ni kidogo ukalazimika kupiga haraka zaidi. Misuli ilikuwa imekula akiba yake. Maji aliyoyabugia yalimjaa tumboni kabla hayajafika yalikohitajika, na usiku ule aligeuka kitandani kama mtu anayelala juu ya mawe.

Ulingoni alianza vizuri. Mikono yake mirefu ilimfikia Pazi, na ukumbi ukapiga kelele. Pazi alikinga uso, akarudi nyuma, akangoja. Raundi zilivyosonga, Mkude akahisi joto linampanda kutoka ndani bila pa kutokea. Ngozi yake ilikuwa kavu kama ya mtu aliyekaa kivulini. Misuli ya miguu ikamkaza. Sauti za watu zikaenda mbali. Dihenga alimwita kutoka pembeni, naye akageuka upande usio wake. Pazi aliinua mkono ampige, akamtazama machoni, akaushusha. Mkude akaanguka mwenyewe, taratibu, kwa magoti kwanza.

Hospitalini alitoa mkojo mweusi kama chai ya rangi. Daktari akamweleza Mwantumu kwamba misuli imemeguka na figo zimezidiwa, na kwamba kichwa kilichokauka hakistahimili ngumi. Kama yule mtu mfupi angemalizia, huenda wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Mwantumu akafunika uso kwa kanga yake.

Pazi alikuja kumjulia hali, amebeba machungwa. Hakuuleta mkanda, wala hakuutaja. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, mikono mapajani.

"Kaka Mkude," alisema, "mimi nilijiandaa kupigana na mtu mkubwa. Nilimwogopa sana. Nilipofika ulingoni sikumkuta."

Mkude alitazama dari. Halafu, kwa kuwa alikuwa amechoka na hakuwa na nguvu za kuficha, akamwambia Pazi habari yote ya Lwambano, jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mkewe aliyekuwa ameketi pale pale. Pazi alimsikiliza mpaka mwisho, uso wake ukijaa mshangao.

"Lwambano huyu wa Iringa? Huyo analima vitunguu Ruaha Mbuyuni. Aliacha ngumi mwaka uliofuata baada ya kukupiga wewe. Alivunjika mkono."

Mkude aligeukia ukutani. Miaka yote ile alikuwa ameunyima mwili wake chakula na maji ili akae mbali na mtu ambaye hakuwapo. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Mwantumu hakuweza kujua kama anacheka au analia.

Alipona polepole. Dihenga alikuja na maneno ya pambano la marudiano, akisema safari hii wataanza kupunguza mapema. Hakuwa mtu mbaya, ila hakujua njia nyingine ya kumpenda bondia isipokuwa kumfanya ashinde. Mkude alimkaribisha chai, wakanywa wote wawili, kisha akamwambia kwamba hatarudi kwake. Akaenda kufanya mazoezi kwingine, akala, akanenepa mpaka mwili ukafika uzito wake, ukatua. Watu waliomshangilia alipokuwa mwepesi walimwona barabarani wakasema ameharibika.

Baada ya kitambo alipanda ulingoni na mtu wa uzito wake mwenyewe, kijana wa Dodoma asiyemfahamu. Alipigwa na yeye akapiga, akasimama mpaka kengele ya mwisho, akashindwa kwa pointi. Alirudi nyumbani jicho limevimba. Bado hakuwa mtulivu; aliamka mara mbili tatu akazunguka uani kama zamani. Ila kila alipozunguka alipita penye mtungi, akanywa, akarudi kwa mkewe.

Mizani ilimsifu Mkude kila alipopungua. Ninyi mnaonisikiliza, nani anawapigia makofi leo, na mmepungua nini ili mumpendeze?