Vijidudu Waliopeana Pete Tumboni mwa Tindo

Paukwa!

Pakawa!

Nanyi watu wazima mlioficha vidonge chini ya godoro, itikieni. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, Tindo, mtoto wa Mama Ngiri, aliumwa tumbo. Tumbo likanguruma, ngurungurungu. Akahara, akahara, mpaka mkia ukasahau kusimama. Daktari Korongo akaja, akampa Mama Ngiri vidonge.

"Mpe vyote. Hata ukiona amepona, mpe vyote."

Akampa, akampa. Mkia ukasimama, twii! Majirani wakaona mkia, wakaja.

Kwao ilikuwa desturi. Chumvi wanamegeana, moto wanamegeana, na dawa nayo wanamegeana. Bi Fisi akasema, "Shoga, nimegee. Nyonga yaniuma." Kobe akasema, "Mimi siumwi. Naweka akiba." Mama Ngiri akagawa vilivyobaki vyote. Nani anataka kuitwa mchoyo?

Sasa twende tumboni. Humo vijidudu wabaya walikuwa hoi, wengi wamekufa. Mkubwa wao, Chakaza, alikuwa anatambaa kwa ubavu, anangoja kidonge kije kimmalize. Kidonge hakikuja.

Jirani yake, Bi Tuliza, kijidudu mpole asiyemdhuru mtu, alikaa raha mustarehe, amevaa pete.

"Bibi, wewe dawa haikuui?"

"Nina pete, mjukuu wangu. Dawa ikiingia, pete inaitema. Ptu."

"Nimegee."

"Lete mrija."

Wakaunga mrija, fyuu. Pete ikazaa pete. Bibi akabaki na yake, Chakaza akapata yake. Chakaza akampa binamu, binamu akampa mkwe, mkwe akampa mpita njia ambaye hata jina lake halijui. Ikawa harusi ya wendawazimu: kila mtu ana pete, bwana harusi hayupo.

Tindo akaugua tena. Ngurungurungu. Mama Ngiri akakimbia kwa Kobe, akaomba vidonge, akampa mwanawe.

Kule tumboni: ptu, ptu, ptu.

"Ongeza, mama," akasema Chakaza. "Vitamu."

Korongo akaja, akatega sikio tumboni. "Vile vidonge ulivipeleka wapi?"

"Niliwamegea majirani."

"Na vijidudu nao wamemegeana pete. Nimebakiwa na dawa hii, pete yao haiijui. Ikishindwa, sina nyingine. Tindo atakufa."

Akampa, akampa. Mkia ukasimama, twii. Bi Fisi huyo mlangoni.

"Shoga, mtoto si anaruka? Nimegee kimoja tu."

"Sikupi."

"Kimoja kitakupunguzia nini?"

"Kitanipunguzia mtoto."

"Kumbe umekuwa mchoyo."

"Nimekuwa. Kaseme."

Bi Fisi akasema. Kobe, ambaye hajaumwa tangu azaliwe, akasema zaidi. Kijiji kizima kikaacha kumwomba Mama Ngiri hata chumvi.

Tumboni, Chakaza akainua pete. Ptu. Dawa haikutemeka. Akageuka kumwomba jirani pete nyingine, mrija mkononi. Jirani hakuwapo, dawa ilishammaliza.

Mama Ngiri akampa Tindo kidonge cha mwisho, akamfungua mdomo kuhakikisha amemeza.

Funzo ni hili, na silipaki asali: dawa uliyopewa na daktari, imalize mwenyewe, usimmegee mtu. Unapodhani unamsaidia jirani, unamwachia mdudu nafasi ya kujifunza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Tindo hakuishia hapo. Yuko nje, anakimbia.