Maua ya Tembo Yaliyokunywa Chemchemi

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani ambayo wanyama walikwisha kuwa na simu lakini hawajajua adabu yake, Bi Pimbi aliishi mwambani na watoto wake wadogo, juu kidogo ya chemchemi.

Jirani yake mkubwa alikuwa Mzee Tembo. Kila alfajiri, hata uso hajanawa, Tembo aliwatumia wanyama wote picha ya waridi kando ya kikombe cha chai, imeandikwa "Amkeni salama". Akimaliza, shemeji yake Kifaru, asiyekubali kupitwa, alirusha video yake mwenyewe akipiga miayo. Simu zikalia bondeni kote, ting', ting', ting', mpaka ndege wakanyamaza.

Sasa, picha ikitumwa haiyeyuki hewani. Zote zilikwenda kuhifadhiwa kwenye nyumba ya mitambo kule kilimani. Mitambo ilipata joto, ikapozwa kwa maji, na maji yalivutwa na pampu kutoka chemchemi ile ile. Chemchemi ikapungua, ikawa tope. Kitindamimba wa Bi Pimbi akalilia maji hadi sauti ikamkauka. Mtoni kulikuwa mbali, nyuma ya kilima, na mama wa miguu mifupi hawezi kufika huko na watoto mgongoni. Moyo ulimuuma sana.

Akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeliona waridi la leo?"

"Nimeliona. Lakini babu, picha hizi zinatumalizia maji. Tunaomba uzipunguze."

Tembo akacheka mpaka masikio yakapepea. "Picha inywe maji? Mdomo inao wapi? Nenda kalee watoto, mama."

Bi Pimbi akarudi nyumbani, kichwa kikimchemka. Akatafuta waridi lililokauka, akalipiga picha, kacha. Kesho yake alikuwa mlangoni kwa Tembo, uso kaukunja kama mfiwa.

"Babu, sijui nikwambieje. Waridi lako limenifikia hivi."

Tembo akaishika simu kwa mkonga, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Mbona limenyauka? Na wengine wamelipata hivi hivi?"

"Wanaona haya kukwambia. Kila ua linalosafiri linataka debe la maji, babu, ulimwage kwenye tangi la nyumba ya mitambo. Tena maji ya mtoni. Haya ya chemchemi hayalifai."

"Na video za shemeji?"

"Hizo ndizo zenye kiu zaidi. Nasikia shemeji ameshafuata madebe."

Kutoka hapo alikimbilia kwa Kifaru, akamwambia kuwa Tembo ndiye aliyeshafuata madebe.

Basi wakubwa wale wakakutana njia ya mtoni, kila mmoja na mzigo wake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuchoka. Pu, pu, pu, kilimani. Chwaaa, tangini. Tangi likajaa, pampu ikanyamaza, na chemchemi ikaanza kububujika. Watoto wa Bi Pimbi wakanywa, wakaoga, wakarushiana maji.

Haikuchukua muda mgongo wa Tembo ukagoma. "Debe zima kwa kila ua, na marafiki wote hawa nilio nao," alilalamika. "Leo situmi kitu. Nitapita mwenyewe kuwasalimia."

Akapita. Kila mlango aliitwa, "Shikamoo, babu, karibu chai," na chai yenyewe ilikuwa ya moto. Akanogewa, waridi akalisahau. Kifaru naye, alipoona hana wa kushindana naye, akayatupa madebe, na video akaziacha.

Siku aliyofika kwa Bi Pimbi, akiwa anakunywa chai, Tembo aliona waridi kavu dirishani. Akaliokota taratibu, akaligeuza.

"Hili nalijua," alisema. "Ulinidanganya."

Bi Pimbi aliogopa kweli, maana mguu mmoja tu wa Tembo ungetosha kuimaliza nyumba. Lakini akajikaza.

"La kunyauka nilikudanganya, babu. La kunywa maji, sikukudanganya. Umeyabeba mwenyewe."

Tembo akajipapasa mgongo. Akawatazama watoto wanaochezea maji kule chini, kisha akasogeza kikombe.

"Niongeze chai," alisema.

Hadithi yangu imefika chemchemini, mwenye kiu na anywe: kila picha unayotuma ina maji yake mahali, basi tuma ile yenye haja.